Mkono wa Mama Katika Beseni la Rangi

Mpendwa wifi yangu Mbeyu,

Assalaam alaykum, wewe na mwenzio na watoto mnaowalea huko Kinango.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini tulipozungumza mara ya mwisho ilikuwa kilio tu, kwako na kwangu, na mtandao ukakatika kabla hatujaambiana lolote la maana. Kwa hiyo naandika, tena naandika wazi, asomaye asome. Yaliyosemwa juu yako hapa Gazi hayakusemwa kwa siri. Yalisemwa kisimani, yakasemwa harusini, yakasemwa hata mlangoni kwangu huku nikisikia. Sioni kwa nini shukrani zako ndizo zifichwe.

Kwa asiyetujua, aelewe kwamba ulikuwa mke wa kaka yangu Hamisi, na sasa si mke wake. Bado nakuita wifi. Sijapata neno jingine, wala silitafuti.

Nakumbuka siku zako za mwanzo nyumbani kwetu. Ulikuja na mkoba wa mkonge ulioufuma mwenyewe, na ndani yake vitita vya nyuzi za pamba kutoka shamba la baba yako, zimesokotwa kwa mkono, nyingine nene, nyingine nyembamba. Mimi wakati ule nilikuwa tayari natia nyuzi rangi uani, nikiwauzia akina mama wa Ukunda wanaofuma vitambaa. Nilikuwa nasuuza uzi uliotoka kwenye magome ya mkoko. Ukasimama karibu na kisima, mtandio umeukaza kichwani, ukanitazama nikiyainua maji yale mekundu kuyamwaga.

"Wifi, unayamwaga?"

"Si machafu haya?"

"Hayajawa machafu. Bado yana rangi."

Ukaniomba beseni, ukatumbukiza kitita kimoja cha pamba yako, ukakiacha mpaka adhuhuri. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, laini, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mimi kwa miaka yote ile nilikuwa naimwaga rangi hiyo migombani. Ukaniambia kwamba kwenu mtu anayefuata maji kwa punda hawezi kuyatumia mara moja tu. Tangu siku ile tulianza na rangi nzito tukaishia na hafifu, katika maji yale yale, na kazi ikawa yetu sote.

Sijui kama huko uliko unapata nafasi ya kuifanya. Nimekaa hapa naikumbuka hatua kwa hatua. Tulichemsha uzi kwa sabuni ya kipande kuutoa mafuta, maana uzi wenye mafuta haushiki rangi. Kisha tukauloweka kwenye maji ya shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, ili rangi isikimbie. Wewe ulikuwa ukiionja shabu kwa ncha ya ulimi kujua kama imekolea, nami nikikukataza kila mara na usinisikie. Magome tuliyaokota kwenye mikoko iliyoanguka yenyewe, kwa sababu iliyo hai hairuhusiwi kukatwa, na hakuna kati yetu aliyetaka kuikata. Maganda ya vitunguu tuliyakusanya kwa majirani mpaka wakatuzoea. Manjano tuliyapenda kwa uzuri wake, ingawa hayavumilii jua. Na ulipotaka weusi, ulimimina kidogo maji ya misumari yenye kutu iliyolala kwenye ukwaju, na uzi mwekundu ukageuka mbele ya macho yetu. Hukuizoea hata siku moja. Kila uzi ulipogeuka ulinishika mkono.

Mama hakuipenda kazi ile, na hakukupenda wewe. Nasema hivyo kwa sababu wewe mwenyewe unajua, na kwa sababu si mwisho wa habari. Alikuita "binti wa Kinango" kana kwamba huna jina. Ukimpa shikamoo, marahaba yake ilitoka nusu. Aliona uchafu pale ulipochovya uzi mara ya pili katika maji ya kwanza. Na miaka ilipopita bila mtoto, akaanza kumsemesha Hamisi faraghani, halafu akamsemesha hadharani. Kaka yangu si mtu mbaya, ila hakuwa na uti wa mgongo mbele ya mama. Akakupa talaka, akaoa Ukunda, akahamia huko karibu na kazi yake ya hoteli. Wewe ulikunja nguo zako, ukanisuuzia kitita cha mwisho kilichokuwa kimelala kwenye beseni, ukakianika, ndipo ukaondoka.

Kisha mama akapatwa na kiharusi.

Nilimkuta jikoni, ameanguka ubavu, chungu kimemwagika. Hospitali ya Msambweni walimrudishia uhai, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na ulimi umekuwa mzito. Nilikupigia simu kukuarifu tu, kama mtu anavyomwarifu aliyewahi kuishi chini ya dari moja na mgonjwa. Sikukuomba uje. Nilikuwa sina haki ya kukuomba hata glasi ya maji. Ukaniuliza, "Na wewe ukienda kufundisha watoto wako wa chekechea, nani anabaki naye?" Ulifika kabla ya wiki kwisha, na mkoba wako begani.

Mama alipokuona aligeuza uso ukutani. Ukasema, "Shikamoo mama," ukakaa chini kando ya kitanda, ukaanza kuchambua mchele.

Hospitalini walikuwa wametupa mpira mdogo, mama aufinye ili vidole virudishe nguvu. Aliukataa. Kwa ishara na ule ulimi mzito alituonyesha kwamba yeye si mtoto wa kuchezea mpira, akausukumia uvunguni mwa kitanda. Nilibembeleza, nikakasirika, nikalia. Wewe hukubembeleza. Asubuhi moja ulimtoa uani, ukamketisha kwenye kiti cha kamba, ukaweka beseni la uzi wa mkoko juu ya kigoda mbele yake. Ukachukua mkono wake uliokufa, ukauzamisha, ukaufungia vidole kwenye kitita, ukaweka mkono wako juu yake.

"Mama, nisaidie kukamua. Leo kazi ni nyingi na wifi hayupo."

Haikuwa kweli kwamba kazi ilikuwa nyingi. Ulinieleza baadaye kwamba ulichovya hata nyuzi ambazo zilikuwa zimeshatiwa rangi, ili apate cha kukamua.

Mpira aliukataa kwa sababu ulikuwa mchezo. Uzi hakuukataa, kwa sababu ulikuwa kazi, na mama hajapata kukaa mbele ya kazi mikono mitupu. Kila siku ukamweka pale. Mwanzoni ulikuwa unakamua wewe, naye anabebwa tu. Kisha kidole gumba kikaanza kubana. Siku nyingine nilirudi kutoka shule nikawakuta mmekaa kimya, maji mekundu yanachuruzika kati ya vidole vyenu. Ukanyanyua kitita kukianika, na mama, ambaye siku nyingi alikuwa hajatoa neno lililoeleweka, akasema wazi kabisa:

"Bado kina maji hicho."

Ukakirudisha. Ukakamua tena. Akakukagua. "Haya, sasa." Neno lake la kwanza kamili baada ya ugonjwa lilikuwa la kukukosoa, wifi, nawe ukacheka mpaka ukashika ukuta, na mama akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Nilisimama pale na vitabu vya watoto mkononi, nisijue niingie au nirudi nje.

Watu nao wakaanza. Amerudi kumtaka mume. Mtalaka gani anamuuguza mama mkwe? Anampa dawa gani ya bara mpaka mama amtii hivi? Maneno yalimfikia Hamisi, akaja Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe imenyooka. Alitusalimu, akambusu mama mkono, kisha akaniambia mimi, kana kwamba wewe hupo, "Dada, watu watasema nini? Ni vizuri arudi kwao."

Wewe uliinuka kwenda ndani. Mama akakushika nguo kwa mkono ule ule mbovu. Halafu akamsukumia Hamisi beseni kwa mguu.

"Kamua."

"Mama, nimetoka msikitini."

"Kamua."

Kaka yangu alikunja mikono ya kanzu, akachuchumaa, akakamua. Alikamua vibaya, akajirushia maji kifuani. Mama akamkosoa kila kitita, kimoja baada ya kingine, bila kumwambia lolote la zaidi. Alipomaliza alikuaga kwa jina lako, na hakuuliza tena habari ya watu kusema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu.

Mvua za vuli zilipoanza, wazee wenu wakaleta posa ya huyu mume uliye naye, mfugaji aliyefiwa na mkewe na kuachiwa watoto. Uliniambia ni mtu mpole na watoto wanakusikitisha. Lakini uliwajibu wazee wasubiri. Hukutaja sababu, nami niliijua: ilikuwa imekaa uani kwenye kiti cha kamba. Mama naye aliijua.

Utakumbuka asubuhi ile. Alikukataza kumgusa mkono. Akatumbukiza mwenyewe, akakitoa kitita kizima cha pamba nene, kinachuruzika, akaanza kukisokota. Alikikamua mpaka jasho likamtoka kwenye paji. Alikikamua mpaka halikutoka tone. Kisha akasimama kwa kushika ukuta, akapiga hatua zake zile fupi hadi kwenye kamba, akakianika peke yake, akakinyoosha.

"Umeona?" akakuambia. "Mimi nimepona. Nenda kwa watoto wale."

Ulilia, ukambusu mikono, ukaenda ukiamini amepona. Wifi, hakuwa amepona. Ulipokwisha kuondoka, mkono ule ulitetemeka hadi jioni. Hakuweza kushika kikombe. Nilimnywesha chai kwa kijiko. Kitita kile kilikuwa kimechukua nguvu zote alizokuwa nazo, na kwa siku nyingi baadaye mkono haukufanya lolote. Nilitaka kukupigia simu, akanizuia. "Usimwambie," akasema. "Akijua atarudi. Na mimi nilishamchelewesha vya kutosha."

Nilimtii alipokuwa hai. Sasa naona ni haki yako kujua. Yule mwanamke aliyekunyima jina alijikaza mbele yako siku ile kuliko alivyojikaza kwa mtoto yeyote aliyemzaa, ili wewe upate nyumba.

Alirudi kwenye beseni baada ya muda, taratibu. Tulikuwa tunafanya kidogo kidogo, mimi na yeye, na kila tulipochovya mara ya pili katika maji ya kwanza alisema, "Mbeyu ndivyo afanyavyo," kwa namna ya kunikumbusha nisije nikakosea. Kiharusi cha pili kilimjia asubuhi, baada ya alfajiri, na hakikumsumbua sana. Tulimzika kabla ya alasiri. Najua mto ulikuwa umefurika na barabara ya kwenu haipitiki. Najua ulifika hadi ukingoni na kusimama pale na watoto. Mume wako aliniambia. Usijilaumu kwa mto.

Tulipomwosha, bibi aliyesimamia aliona wekundu kwenye kucha na viganja vya mama, akauliza kama ni hina. Nikamwambia ni rangi ya mkoko. Akafikiri kidogo, akasema haizuii maji, tuiache. Tukamiminia maji polepole juu ya mikono ile, nami nikakuombea dua papo hapo.

Katika matanga watu walikuja wengi. Walimpa Hamisi pole, wakanipa mimi, wakampa mkewe wa Ukunda, ambaye kwa kweli alipika na kuosha vyombo bila kuchoka, Mungu amlipe. Wageni walipoanza kupungua, Hamisi alikuja kuketi kando yangu kwenye mkeka. Kisha akaniuliza, "Mbeyu amepewa pole na nani?"

Nilifikiri juu yako huko, unachunga watoto na kuteka maji, na majirani zako wapya hawajui kwamba umepata msiba. Wangejuaje? Ukiwaambia amefariki mama wa mume aliyekuacha, watakushangaa. Hakuna anayekuja kukaa nawe, hakuna anayekuletea uji. Hilo limeniuma kuliko maneno yote niliyoyasikia mlangoni kwangu.

Kwa hiyo barua hii, popote itakaposomwa, nataka isemwe kwa sauti. Mtu wa Kinango akiisoma, na akakujua, aende kwako akuketie. Khitma ya arubaini tutaisoma hapa nyumbani, na wewe na mume wako na watoto mna nafasi kwenye mkeka wa jamaa, si kwenye wa wageni. Hamisi amesema hivyo kwa kinywa chake, na mkewe pia.

Mama alikuwa wako. Umefiwa, Mbeyu. Pole sana, mwanetu. Pole kwa kufiwa na mama.

Ni mimi wifi yako,
Mwanamisi, Gazi