Mwisho Nilioufungia Ugoro

Mama Lembris, mke wangu uliyeondoka na ufunguo wa kabati,

Sikuulizi hali yako, maana nikiuliza halafu ukajibu itabidi nikimbie, na magoti haya hayana tena habari ya mbio. Nakupa tu habari za huku. Mlima upo, ila leo asubuhi umejifunika kichwa kama mgonjwa wa homa. Migomba yako nyuma ya nyumba imezaa mpaka nimeikatia miti ya kuiegemeza. Yule mbuzi mwenye dharau bado yupo, na bado ananitazama vile ulivyokuwa unanitazama wewe nikirudi nimechelewa. Mimi ni mzima. Kulikuwa na jambo moja tu lililonikaa kifuani miaka tisa, nalo limeisha wiki iliyopita kwa aibu ambayo hata kuku waliishuhudia. Neema mjukuu wako kasema nikuandikie, halafu yeye aiweke barua kwenye simu wasomaji wake wote waisome. Nimemwambia anyooshe herufi tu, maneno asiyaguse. Darasa la nne langu linatosha kumwandikia mke.

Tuanze na gazeti, maana dhambi yote ilianzia pale.

Kila siku ya soko Ngaramtoni ulinunua chumvi, mafuta ya taa, na lile gazeti la hadithi. Gazeti moja, wasomaji wawili. Aliyelipanga sijui alikuwa na akili gani, aliweka hadithi ya mapenzi upande huu wa karatasi na ya mashetani upande wa pili. Wewe binti wa Machame, uliyemaliza la saba ukakitundika cheti ukutani ili nikione kila nikila, ulitaka mapenzi. Mimi nilitaka mashetani. Basi ulikaa kwenye kiti ukaliinua gazeti mbele ya uso, mimi nikavuta kigoda, nikakaa kukuelekea, nikasoma mgongo wake. Mtu akichungulia mlangoni aliona miguu minne na gazeti moja.

Nilisoma kama ng'ombe anayevushwa daraja.

"Bado?" uliniuliza.

"Ngoja, shetani ndiyo kwanza anabisha hodi."

Ukangoja. Nilikuja kutambua baadaye sana kwamba wewe ulikuwa umemaliza zamani, umeshaolewa na kuachwa mara mbili upande wako, unashikilia tu karatasi mikono ikikuuma ili mimi nimalize. Hukusema. Mimi nami nikajifanya sijui, maana nilipapenda pale.

Na kila nilipokwama neno, nilikuuliza. Uliinamia upande wangu ukanisomea kwa sauti ya mwalimu: "Hapa wameandika, 'akamshika mkono kwa huruma.'" Kumbe wameandika akamkaba koo! Lembris alipojifunza kusoma ndiye aliyeniumbua. Kwa hiyo kichwani mwangu mashetani wote wa nchi hii ni wapole, wametoka familia nzuri, wanatafuta wachumba. Ulinipotosha, mama.

Neema anasema siku hizi kuna watu wanaandika hivyohivyo kwa makusudi, mapenzi na mizimu chungu kimoja, na wasomaji wamejaa tele kwenye simu. "Ni mtindo mpya, babu," akaniambia. Mpya! Wazee wangu walipoona Mwarusha kaleta Mchaga nyumbani walisema loshoro yetu ya mahindi na maziwa na mtori wao wa ndizi havipikwi pamoja. Tukavipika. Watoto wanne wamekula, hakuna aliyeharisha.

Gazeti lilipokoma kuja sokoni ulinunua daftari la jalada la buluu ukasema utaandika yako mwenyewe. Nilicheka. Nisamehe kicheko kile. Uliandika jikoni ukingoja maharage yaive, penseli sikioni kama fundi, na ukimaliza ukurasa ulinisomea. Siku hizo hukusoma tena upande wako na mimi wangu. Ilikuwa hadithi moja, na sote tulikuwa upande mmoja wa karatasi.

Wasioijua niwaambie kwa kifupi. Lazaro ni seremala. Kamwahidi mchumba wake, Ndeshi, kitanda cha mti wa mvule. Wiki moja kabla ya harusi Ndeshi anakufa kwa homa. Na Lazaro, mwanaume mzima, anaogopa kwenda kumzika. Anajifungia karakanani, anapiga randa mbao ambazo hazikuhitaji randa, mpaka waombolezaji wanapita barabarani kurudi makwao. Basi kila siku ya soko, saa sita mchana, Ndeshi anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, anasimama mlangoni, anauliza kama kitanda kiko tayari.

"Mzimu gani anabeba ndizi?" nilikuuliza.

"Wa Kichaga."

"Halafu mizimu haina kivuli. Watu sokoni hawakuona kwamba hana kivuli?"

"Saa sita mchana wewe unacho?"

Nilitoka nje nikaangalia. Jua lilikuwa utosini kabisa. Kivuli changu kilikuwa chini ya viatu kama kinanionea haya. Niliporudi ulikuwa unaandika, hata hukuinua kichwa, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Sasa nije kwenye kosa. Wasomaji wa Neema wajue babu yao ni mtu wa namna gani.

Kikopo changu cha ugoro kilitoboka. Nilikuwa nakwenda kwenye kikao cha rika, na mzee mwenzangu aliniomba nimpelekee ugoro kidogo. Nikatafuta karatasi. Daftari lilikuwa mezani. Nikachana kurasa tatu za mwisho bila kutazama, nikafunga vijipakiti, nikaenda zangu. Jioni uliniuliza, "Baba Lembris, kurasa zangu ziko wapi?" Nikasema sijui. Nikapiga chafya.

Ukanitazama pua.

"Ule ulikuwa mwisho," ukasema. "Mwisho wa Lazaro na Ndeshi. Nimeuandika leo asubuhi. Umeuingiza puani."

Siku tatu hukunisemesha. Chakula nilipewa, chai nilipewa, ila bila sauti, kama mahabusu. Nikakumbuka baba yako alivyoniambia nilipokuja kukuchukua Machame: ukimkosea huyu usimletee maneno, maneno anayo yeye mengi zaidi, mletee jani la isale. Mlikuwa na miti ya isale mpakani mwa shamba, na ulikuja na kipande chake tukakipanda kwenye ua wetu. Kwenu jani lile likiletwa na mkosaji, aliyekosewa haruhusiwi kulikataa, awe amekasirika kiasi gani. Basi siku ya nne nikakata jani, nikalifunga fundo, nikaja nalo jikoni kwa mikono miwili, mimi mwenye mvi, nikapiga goti kwenye maganda ya ndizi.

Ulilipokea. Ulichelewa kulipokea, mama, nilihesabu mpaka kumi na saba, lakini ulilipokea. Ukasema, "Nimekusamehe. Ila mwisho sikuandikii tena, na sikuambii." Ukalifungia daftari kabatini, ufunguo ukaufunga kwenye pindo la kanga. Nilikubembeleza miaka miwili. Nikauliza, Ndeshi alirudi kaburini? Ulisema, "Kaulize pua." Halafu ukaugua, ukaondoka, na ufunguo hatujauona mpaka leo.

Watu waliniambia, mzee, vunja kabati. Nikasema ni la urithi, mbao nzuri. Uongo. Sikutaka kuliona daftari lile. Kitu kimoja tu ulichokitengeneza kwa ajili yako mwenyewe, si kwa ajili ya watoto wala kanisa wala tumbo langu, nami nikakikata mkia. Msamaha ulinipa, najua. Lakini mtu anaweza kusamehewa bado akaogopa kabati.

Mwezi juzi Neema alikuja kutoka Sombetini kwa baba yake, akaleta bisibisi, akalifungua dakika moja. Bisibisi! Miaka tisa! Akalikuta daftari, akakaa nalo chini ya mparachichi, hakula. Halafu akaanza kulinakili kwenye simu, kila Jumapili baada ya ibada kipande kimoja. Mama Lembris, una wasomaji. Wapo wa Dar, wapo wa Mwanza, kuna mmoja yuko nchi ya baridi anasema anakusoma kazini akijificha. Na wanagombana! Kundi moja linataka Ndeshi amkabe Lazaro, maana asiyemzika mchumba wake anastahili nini? Kundi lingine linataka harusi. Mama mmoja kaandika kwamba mume wake naye hakuja kumzika mama mkwe, basi Ndeshi akimaliza kwa Lazaro apitie na kwake.

Wiki iliyopita akafika ukurasa wa mwisho uliobaki. Wewe unaujua: *Lazaro akaweka randa chini, akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afe, naye*. Basi. Hapo karatasi inaisha.

Neema akaja. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekonda. Unakula kweli huko?"

"Babu, usinizungushe. Mwisho uko wapi?"

"Panya," nikasema.

"Panya wanakula kurasa tatu zilizonyooka, wanaacha jalada?"

"Panya wa zamani walikuwa na adabu."

Akakaa kwenye kigoda. Kile kile. Akaniambia, "Babu, nimewaahidi watu Jumapili. Na hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho cha bibi. Nilikuwa na miaka kumi alipokufa. Sauti yake siikumbuki tena, naisikia humu tu."

Pale nikashindwa. Nikamweleza yote, kikopo, pakiti, chafya, isale. Nilitazama kuku nikieleza. Nilidhani atalia. Badala yake akafungua daftari mwishoni, akaliinua kwenye jua.

"Babu, umewahi kuangalia pale ulipochana?"

"Niangalie nini?"

"Vipande vimebaki kwenye pini. Njoo usome."

Nikavaa miwani. Pembeni kabisa, kwenye kila kipande cha karatasi, herufi zako za kwanza za kila mstari zilibaki. Na kila mstari ulianza na namba. Moja, *suf*. Mbili, *sini*. Tatu, *viji*. Nne, *sah*.

Nilisoma kama ng'ombe wa daraja lile, taratibu. Sufuria. Sinia. Vijiko. Sahani.

"Babu," akasema Neema, na mabega yake yalikuwa tayari yanacheka kama yako, "hii ni orodha ya vyombo vya kipaimara cha baba mdogo."

Mama Lembris!

Ulinipigisha goti kwenye maganda ya ndizi kwa ajili ya vijiko! Miaka tisa nimelala na hatia ya sinia! Kwanza nilikasirika, nikasema maneno ambayo Neema ameyafuta hapa. Kisha nikaanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, nikashika nguzo, kuku wakakimbia, mbuzi akasimama. Neema alidhani nimepatwa. Nilikuwa nacheka na machozi, maana mimi ndiye mtani wa kijiji kizima, hakuna aliyenipata tangu utoto, na nimepatwa na marehemu.

Halafu kikanijia kitu kingine, nikakaa chini. Mwisho haukuwahi kuwepo. Ulikwama, mama. Ulifika pale Lazaro anageuka, na wewe, hodari wa darasa la saba, ukakosa la kumpa aseme. Ukaona kheri lawama zije kwangu kuliko kukiri. Ungesema tu! Ningekaa mbele yako. Ningengoja, mikono ikiuma.

Basi nimeumalizia mimi. Nilisema, Neema akaandika, na Jumapili imewafikia. Nakusomea na wewe.

Lazaro akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afe, naye Ndeshi akamtazama. Lazaro akapita pembeni yake akatoka nje, akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Akarudi akapiga goti kwenye maranda ya mbao. Na Ndeshi, kwa kuwa alikuwa binti wa kwao na kaburi halifuti alichofundishwa mtu, hakuweza kulikataa. Akalichelewesha. Lazaro akahesabu mpaka kumi na saba. Kisha Ndeshi akatua mkungu, akalipokea jani, akaketi kwenye kile kitanda cha mvule, akasema, "Kifupi." Wakakaa hapo. Walipotazama chini jua lilikuwa limeshainama, ni saa nane, na kwenye sakafu kulikuwa na vivuli viwili.

Neema alisoma mpaka hapo. Kisha akauliza, "Sasa babu, hii ni ya kutisha au ya mapenzi?" Nikamwambia, geuza karatasi.

Wasomaji wako wamegawanyika bado, usijali. Yule mama wa kesi ya mama mkwe amesema mume wake ameulizia isale inapatikana wapi.

Mimi nimepeleka kipande cha isale kaburini kwako, nimekipanda upande wa kichwa, naona kitashika. Si cha kuomba radhi, usijidanganye. Hicho ni kwa ajili yako, siku ukitaka kuniomba mimi radhi ya vijiko, usihangaike kutafuta. Siku za soko napita hapo nikitoka Ngaramtoni, nakaa kidogo kwenye jiwe. Huwa ni saa sita. Natazama chini, sina kivuli. Nawe huna. Tunakaa hivyo hivyo, tumelingana, hakuna apitaye anayeweza kujua nani kati yetu ndiye marehemu.

Usinishikie nafasi kwa haraka. Ila ukishika gazeti huko, liinue juu kidogo, miwani yangu imechoka.

Mume wako wa kigodani,
Baba Lembris