Salvia za Mama na Fundi Viatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini kaka na mkewe wanakudekeza, na kwamba hujaanza kuwapangia jiko lao. Mimi huku mzima wa afya, hofu ni kwako tu.

Najua unataka habari za maua yako, zile salvia, kwanza, zangu baadaye. Basi tulia, ziko hai, ingawa zilichungulia kaburi.

Uliniambia nizitunze kama watoto. Nami nikazilisha samadi ya kuku na kuziogesha asubuhi na jioni. Zikanenepa majani, ua hata la dawa hakuna, kisha zikaanza kunyauka huku udongo umelowa chepechepe. Hata chozi, vile vindege vyako vya kufyonza maua, wakahamia kwa jirani. Nililia, Mama. Tangu Baba atutoke, hayo maua ndiyo unayoamka ukizungumza nayo. Ningekuambia nini?

Aliyeniokoa ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, yule mgane unayemwita Bwana Kimya. Alivuka, akachomeka kidole kwenye udongo, akaniuliza kama nafuga maua au vyura. Akanikataza kumwagilia mpaka udongo ukauke, akachanganya mchanga, kisha akanoa kisu chake cha kukatia ngozi na kufyeka matawi karibu yote. Nikamwambia amenimaliza. Akasema salvia isiyopunguzwa huzeeka bila kuchanua, nisubiri.

Akawa anapita kila jioni akifunga kazi. Sasa bustani ni wekundu mtupu, na chozi wamerudi na kelele zao.

Sasa kaa vizuri. Vile vijiti alivyokata hakuvitupa. Jana nilimpelekea viatu vyangu, nikakuta vile vijiti vimechipua kwenye makopo dirishani kwake. Nikamtania kwamba ni mwizi. Akainamisha uso, akakiri kwamba ni vyako, amevipanda apate sababu ya kukubishia hodi. Anakupenda, Mama, siku nyingi. Ameniomba nikuulize kama ukirudi utamfungulia mlango.

Nilidhani nitachukia, kwa ajili ya Baba. Sikuchukia, nimefurahi. Nimemwambia mimi sina neno, ila mwenye nyumba ni wewe.

Nisalimie wote hapo, na wajukuu uwabusu. Jibu usiniandikie mimi, mwandikie yeye, na upesi, maana tangu jana akili haiko: amenishonea soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia.

Ni mimi,
Kitindamimba wako