Kiwanja cha Mama Hakina Pori Tena

Mtaa wa Oli,
Arua.
17 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Tahiru,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe, hajambo Rehemah, hawajambo wanangu? Kifua cha Rehemah kimepoa? Uliandika kwamba baridi ya Nairobi inamkohoza usiku kucha, na tangu siku hiyo nikisikia mtu akikohoa namkumbuka. Mwambie asiache tangawizi. Na huo mguu ulioumia kwenye baiskeli, unaukanyagia sasa, au bado unachechemea na kujifanya umepona?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Fadhul bado yuko kambini kusini, huja anapopewa likizo, na akija anakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Mjomba Yakubu macho yamepungua nguvu lakini ulimi uko palepale. Mvua imekuwa nzuri. Sukari tunaisikia kwa jina tu, sabuni vilevile, lakini chakula cha kutoka ardhini mwaka huu hatumwombi mtu, na sababu yake utaiona mbele.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema Celestino, yule mfanyabiashara wa kule Inde, amekuandikia kwamba anataka kununua kiwanja cha Mama huku bondeni ajenge ghala, na wewe unaona heri kiuzwe kuliko kumezwa na pori. Unataka nikubali. Jibu lako limo humu, ila sikuliweka juu. Nakujua wewe, tangu utoto unafunua sufuria kabla chakula hakijaiva. Soma taratibu.

Hilo pori ulilolisikia lilikuwepo kweli, sikatai. Baada ya Mama kufariki, matete yalipanda kutoka mtoni mpaka karibu na njia, nyoka wakahamia, watu wakaanza kutupa taka. Mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka nisipapite. Sisi ni watoto wa askari, Tahiru. Babu alipokuja huku kutoka Sudani alibeba bunduki, jembe hakubeba, na mimi mpaka mwaka huu mboga nimeijua kwa kuinunua. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na matuta yake mawili ya bamia kule chini, nasi tulikuwa tukimwonea aibu akipita barabarani na matope miguuni. Unakumbuka.

Basi mwezi wa tatu soko lilikauka. Ukienda mapema unakuta maganda, ukichelewa hata maganda hukuti. Nyumba ya pili kutoka kwangu kahamia mama mmoja Mlugbara, Pasca, mumewe ni fundi cherehani. Siku moja tumesimama njiani na vikapu vitupu, akanyoosha kidole bondeni akaniambia, "Dada Kaltumu, shamba iko pale inalala, sisi iko hapa na njaa. Sababu gani?" Tukakubaliana kuwaita majirani wote tufyeke pamoja, kila nyumba ipate matuta yake.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Nilipita mlango kwa mlango nikasema, njooni kwangu Jumamosi asubuhi, chakula kipo. Jembe sikulitaja, nilidhani linajulikana. Nikaamka alfajiri, nikapika gurusa, zile chapati zetu nyembamba, kama alivyokuwa akizipika Mama, na maharage ya kutosha. Watu wetu wakaja wamevaa kanzu nyeupe, kinamama wamejifukiza udi. Nani katika sisi anaitwa asubuhi kula kwenye nyumba ya marehemu, asijue kuwa ni karama ya kumwombea? Na mwaka wa Mama ulikuwa unakaribia. Wakala, Mjomba Yakubu akaongoza Fatiha, akamwombea Mama vizuri mpaka machozi yakanitoka. Kisha wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaenda zao.

Wakati huohuo watu wa Pasca wanafika na majembe begani. Wanakuta kanzu zinatoka mlangoni na mimi nalia. Wakayalaza majembe yao nyuma ya nyumba kimya kimya, wanawake wakakaa chini udongoni, mmoja wao akaanza kumlilia Mama upya kwa sauti. Ningewaambia nini? Nikakaa nao. Siku ile halikukatwa tete hata moja, na maharage yangu yote yameliwa. Nilikasirika, nikaona haya, nikalala mapema.

Asubuhi yake Pasca yuko mlangoni, uso mkavu kama hakimu. "Dada Kaltumu, leo iko kazi ama iko kilio? Mimi nataka kujua kama nabeba jembe." Tulicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Ndipo akanifundisha desturi ya kwao. Watu wakiitwa kulima hawalishwi kwanza. Wanafanya kazi mpaka iishe, halafu wanakuta mtungi wa kwete, wanakunywa pamoja, na huo ndio heshima yao. Mtungi usipokuwepo, aliyewaita amewadharau. Nikampelekea Mjomba habari hiyo. Unaweza kudhani alisemaje. "Pombe haiingii katika udongo wa dada yangu. Mimi nakataa." Nikarudi kwa Pasca. "Watu yangu nalima kavu? Hapana. Watasema naita wao kama watumwa." Siku kadhaa nilipanda na kushuka kati ya nyumba hizo mbili, kila mmoja ananituma kwa mwenziwe, na matete yanazidi kurefuka.

Mwishowe nikachoka kutumwa, nikaamua mwenyewe. Nilisema hivi: kiwanjani hakiingii kitu ila jembe na maji ya kunywa. Kazi ikiisha, anayetaka chai na gurusa anakuja kwangu, anayetaka kwete anapanda kwa Pasca, ng'ambo ya barabara. Na hakuna chungu kitakachofunuliwa, cha upande wowote, kabla tete la mwisho halijaanguka. Pasca alikubali palepale. Mjomba akachezea tasbihi yake, kisha akasema macho yake siku hizi hayafiki ng'ambo ya barabara.

Basi tulilima, Tahiru. Ungeniona ungenikana. Mikono ilitoka malengelenge, mgongo ukakataa kunyooka, na wale wazee wa kanzu nyeupe nao wakaja wamekunja suruali, wanaulizana jembe linashikwa vipi. Watu wa Pasca waliwacheka wazi wazi, kisha wakawaonyesha. Tukafyeka, tukachoma, tukachimba mfereji wa kuyarudisha maji mtoni ili yasituame bondeni. Nilipokwenda Koboko kwenye msiba, nilifika mpaka Abuku kwa wakwe wa Pasca, nikarudi na mzigo wa pingili za mihogo juu ya lori, nimeupakata kama mtoto mchanga. Abiria walinidhihaki njia nzima. Mihogo hiyo sasa imenipita urefu.

Usidhani tuko peponi. Mbuzi wametutesa mpaka tulipopanda uzio wa miti ya miiba. Mke wa mwuza nyama ana mkono mwepesi, kila baada ya mvua kigingi chake kimesogea kidogo upande wa jirani, na kila baada ya mvua tunakirudisha na yeye anashangaa kuliko wote. Mjomba ana tuta lake la maharage, hajalipalilia hata siku moja, ila anatembea kando yake na fimbo akitoa amri. Lakini hakuna nyumba katika safu yetu iliyolala bila kula tangu mwezi wa sita, na siku za nyuma zilikuwepo. Watoto wa Pasca wanakula bamia yetu ya kuteleza, wangu wanaitaka osubi, yale majani ya kunde, kama walizaliwa nayo.

Hiyo bamia ni ya Mama mwenyewe. Mbegu zake zilikuwa bado zinaning'inia juu ya meko, kwenye kitambaa alichozifungia, zimekuwa nyeusi kwa moshi. Nilifikiri zimekufa. Pasca alizinusa akasema, "Hii iko mzima," na zikaota karibu zote.

Haya, sasa Celestino. Alifika wiki mbili zilizopita na kamba ya kupimia, kwa maana alijua wewe umeshamwitikia nusu. Alitarajia kukuta matete. Akakuta wanawake wameinama kila mahali, mahindi yamesimama, akabaki na kamba yake mkononi hajui aifungie wapi. Akamwuliza Pasca mwenye shamba ni nani. Pasca hakuinua hata mgongo. "Mwenyewe alikufa. Sisi iko hapa kwa jina yake. Kama unataka kununua, uliza yeye." Mtu wa watu yule, hakukasirika. Alikuja kwangu, nikamwambia ngoja ndugu yangu, kwa kuwa hili ni la watu wawili. Akaikunja kamba, akaomba bamia ya kupeleka nyumbani, nikamfungia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mimi sitaki kiwanja kiuzwe.

Najua sheria. Mafungu mawili ni yako, moja langu, na ukishikilia kuuza sina mkono wa kukuzuia. Najua pia huko mnabanana chumba kimoja na watoto wanakua. Sikudharau. Lakini wewe unauza pori, na pori halipo tena. Mbele ya Mjomba Yakubu na Pasca na wote wanaolima, nimesema, nao wamekubali: siku utakayokuja kujenga, mafungu yako mawili yanaachwa wazi, hakuna atakayebishana nawe. Mpaka siku hiyo wanalima, na katika kila mavuno wanatoa sehemu ya Tahiru. Safari hii imetolewa tayari, na mke wa mwuza nyama naye katoa, bila kusukumwa.

Na kuna jambo jingine, nalisema wazi kwa kuwa wewe ni damu yangu. Siogopi ghala la Celestino. Naogopa kwamba ukiuza hapa hutakuwa na kitu cha kukurudisha. Hukuja Mama alipozikwa, njia ilikuwa ngumu, nami nilikusamehe siku ileile. Ila kila mwaka unapopita barua zako zinazidi kuwa za mgeni, unauliza habari za huku kama mtu anayeuliza habari za mji wa watu. Mimi sina ndugu mwingine, Tahiru. Nakutaka.

Nisalimie sana Rehemah na wanangu wote, na kaka yake, na majirani zetu wote wa Kibera wanaotoka huku. Fadhul aliniachia salamu zako kabla hajarudi kambini. Mjomba Yakubu anakusalimu, anasema nikuandikie kwamba maharage yake ndiyo bora kuliko ya wote. Pasca hajakuona lakini anakusalimu kama shemeji, na anauliza kama watu wa Nairobi wanajua kulima.

Barua hii anakuletea Medina, binti wa shangazi, anayekuja huko kwenye harusi, pamoja na kikapu. Ndani yake mna sehemu yako: maharage, na bamia ya Mama niliyoikausha juani nikaitwanga unga. Ramadhani iko mlangoni. Siku ya kwanza mkifuturu, Rehemah aichemshe na nyama akipata, na kama hakupata, na vitunguu tu. Kula kwanza, ndipo uniandikie kama bado unataka kuuza.

Mungu akufungulie riziki hapo ulipo, awakinge na maradhi, aupokee mfungo wenu na wetu, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Unaona nimerudia kosa langu la Jumamosi ile, nakulisha kabla ya kazi, na najua wanavyofanya watu wetu wakilishwa kwanza. Kula, mwombee Mama, lakini wewe usiage. Jembe lake nimelitia mpini mpya, liko nyuma ya mlango, na hakuna aliyelishika.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Kaltumu