Watoto Tisa na Barua Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne pwani. Kila kitu kinanata — shati, meza, karatasi hii. Nondo za madirisha zimeliwa na kutu na maboksi yangu ya vitabu bado hayajafunguliwa. Mume wangu ana furaha ya mtu aliyepata kazi: fundi wa kreni bandarini, ovaroli mbili na kofia ngumu. Mimi nimepata foleni.

Shule ya serikali iko juu ya kilima. Nimekwenda na kitindamimba wangu, bado kavaa sare ya shule ya zamani. Darasa la saba lina watoto themanini na sita, wanne kwa dawati. Nikamwambia karani nitaliandika hili gazetini. Akacheka — andika mama, labda tutaletewa madawati! Nimempenda papo hapo. Nafasi ipo, amesema. Anataka barua ya uhamisho tu kutoka shule tuliyotoka. Bila hiyo hawezi kumsajili kwa mtihani wa mwisho, na usajili unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni.

Barua tu! Nikamwambia mtoto, kifua mbele: "Hilo dogo."

Jumatano, 5 Machi

Si dogo.

Nimempigia mwalimu mkuu wa kule. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha kwa upole, upole ule wa daktari wa meno, akauliza kama bado naandika makala. Barua ipo, imeshapigwa muhuri, iko kwenye droo yake. Nitaipata siku gazeti litakapochapisha kwamba niliyosema Januari hayakuwa kweli.

Niliyosema Januari: kwamba aliwaondoa watoto tisa wa darasa la sita wasije wakafika la saba na kumshushia wastani. Niliandika kuwa shule yake ni genge la nyanya — nzuri zinapangwa mbele, zilizobonyea zinatupwa uani. Ni kweli tupu! Ninayo karatasi aliyopewa mama mmoja fundi cherehani. Binti yake alikaa dawati moja na wangu miaka mitano. "Atafutiwe shule inayomfaa," imeandikwa hivyo, na muhuri juu. Yule mama alinikabidhi kwa mikono miwili. Wewe una kalamu, dada, alisema, mimi nina sindano.

Nimemweleza mume wangu. "Umelikoroga," kasema.

Nimelikoroga kwa haki, nikamjibu.

"Sawa, Wakili. Lakini anayelinywa ni mtoto."

Nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi ya elimu. Afisa ana feni mbili na hana kalamu. Kaazima yangu kuandika malalamiko yangu. Yatashughulikiwa ndani ya siku thelathini za kazi. Nikamwambia nina siku tano. Basi mpatane, kasema, nyote ni watu wazima.

Kalamu hakurudisha.

Jumatatu, 10 Machi

Shule ya binafsi, ile yenye nyasi ambazo hakuna mtoto anayezikanyaga. Hawa hawahitaji barua. Wamempa mtoto jaribio la hesabu, kapata kumi na saba kwa ishirini. Nikajivuna kama nimelifanya mimi. Ndipo mkurugenzi akasema wageni wote wanarudishwa nyuma madarasa mawili. Ataanza la tano.

Kwa nini? Kapata kumi na saba!

"Tunalinda wastani, mama. Wewe ni msomi, unaelewa."

Naelewa! Nilimwambia ninavyoelewa, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye zile nyasi. Mlinzi akatusindikiza getini kwa adabu zote, akanipa pole.

Barabarani, kona ya tatu, mtoto akanivuta mkono. Kisha: "Mama, kwa hiyo na mimi ni nyanya iliyobonyea?"

Kumbe aliisoma ile makala. Nilidhani naandika juu ya watoto wa watu. Mkuki kwa nguruwe.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu kumfundisha mwenyewe, meza ya jikoni. Tumeanza na hesabu za sehemu. Kufika saa tano nilikuwa nimesimama, nahutubia juu ya ujinga wa vitabu vya kiada, na yeye analia kimyakimya huku anachora mistari pembeni ya daftari. Nikamuuliza tatizo nini.

"Hunifundishi, mama. Unagombana na hesabu."

Na hata ningekuwa mwalimu bora duniani, mtahiniwa wa nyumbani naye lazima asajiliwe na shule. Kwa barua.

Milango yote nimegonga. Uliobaki ni ule nilioupiga teke.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika makala ya kukanusha. Nilidhani itanichukua siku nzima. Dakika ishirini! Miaka ishirini na mitatu ya kugombana na wakubwa, na sentensi ya kuwapigia magoti ilikuwa imekaa tu ndani inasubiri kuitwa. Sentensi moja si yangu. Mwalimu mkuu aliituma kwenye simu, akaagiza nisiiguse: "Sikuwa na ushahidi wowote."

Nilifungua boksi la tatu nikaitoa ile karatasi. Unyevu umeanza kuila pembeni. Muhuri unasomeka vizuri sana.

Mhariri, ambaye huniita Pilipili, alinipigia mara tu alipoisoma. "Pilipili, una homa? Nani kakukaba?" Hakuna, nimesema. Nilikosea, nasahihisha. Kisha akasema haya, Ijumaa, ukurasa wa nane — kwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nilishika simu mara tatu nimwambie mama fundi cherehani kabla hajaambiwa na watu. Mara tatu nikaiweka.

Alhamisi, 13 Machi

Mtoto ameniuliza kama rafiki yake, binti wa fundi cherehani, ataliona gazeti. Nikasema kwao hawanunui magazeti.

Nimewahi kusema mambo makali maishani. La aibu kama hili, sijawahi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi nje ya ofisi ya karani. Mbele yetu kuna baba mmoja na pacha wake.

Imetoka. Ukurasa wa nane, chini ya tangazo la magodoro. Saa tatu asubuhi picha ya barua ikaingia kwenye simu. Mwalimu mkuu hukawia kusamehe, ahadi hakawii kutimiza. Karani kasema picha inatosha, nakala halisi itafuata. Barua inasema tabia ya mwanafunzi: nzuri. Ya mzazi hawakuweka nafasi.

Mtoto kavaa sare mpya. Bega moja limepwaya. Angeshonewa na yule mama fundi cherehani, lingekaa.

Saa tisa na dakika ishirini simu imeita. Ni yeye, mama fundi cherehani. Nimeiacha ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Baba wa pacha akanitazama. Mara ya tatu mtoto kainyakua mkononi mwangu.

"Shikamoo, mama." Anasikiliza. "Ndiyo. Yupo hapa." Kisha kaiziba simu kwa kiganja.

"Mama, anasema watu wanampelekea gazeti kibandani kwake. Hana hasira. Anauliza tu kama ile karatasi yake ilipotea."

Pacha wametoka. Karani kaita: anayefuata! Kaita tena, mama, saa kumi nafunga! Mtoto hajasimama. Kaninyooshea simu, mkono umenyooka kabisa. Namjua mwenye mkono wa namna hiyo; nilikuwa mimi.

Naandika ili mikono yangu iwe na shughuli. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Yule mama bado yuko hewani, nasikia cherehani yake —