Suzuki Fupi, Suzuki Ndefu

Jumamosi, 5 Julai 1997

Nimeamua. Nanunua gari! Kiwanda kimeuzwa, mimi na ghala langu la spea tumefutwa kwa barua moja, kiinua mgongo kimetoka. Sitaki duka, sitaki mashine ya kusaga. Nataka Suzuki ndogo ya foo-wili, mtumba wa Japani, niikodishe kwa wazungu wanaotafuta dhahabu Geita. Gari dogo, gumu, la kupita kwenye tope bila kulia.

Mke wangu Akelo anaona nipumzike kwanza, kifua kipone. Nimemwambia kifua hakiendeshi gari. Kanuna. Na anune.

Ogweno, mdogo wangu, kasema atanisindikiza kuchagua. Ajabu! Mtu ambaye hospitali hajanisindikiza hata mara moja.

Jumanne, 8 Julai

Igoma, kwa dalali Nkwabi. Amejaza magari kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la mihogo. Kila mtu anamwita bosi. Gari la kwanza niligusa boneti kabla halijawashwa — moto! Ameshalipasha ili tusisikie linavyokohoa likiamka. Nikamwambia mimi mwenyewe nakohoa nikiamka, mgonjwa mwenzangu namjua. Alicheka akashika tumbo. Ogweno hakucheka.

La pili: Suzuki ndefu, kijani, milango mitano. Boneti baridi. Nikawasha — ikaitika mara moja. Oili safi, haijaingia maji. Moshi hakuna. Nikalala chini nikaangalia chesisi, kutu hakuna. Kuinuka nilisaidiwa, lakini niliangalia. Hii ndiyo! Nimezeekea kwenye spea, hanidanganyi mtu.

Halafu Ogweno akafungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akapanda, akajinyoosha chali. Eti anapima spring. Spring inapimwa hivyo? Kachungulia kwa furaha: kaka, humu mtu analala bila kukunja miguu! Mimi na yeye urefu mmoja, ujanani tulivaliana suruali. Nkwabi akasema wateja wake wa kulala kwenye gari huwa hawalali peke yao.

Jumatano, 9 Julai

Nimeelewa. Nilikuwa napiga mswaki, nikasimama na povu mdomoni.

Baba yetu mdogo alifia hapa Mwanza mwaka jana. Sisi Wajaluo hatuzikwi ugenini, ilibidi apelekwe nyumbani Shirati. Kila dereva aliposikia maiti alipandisha bei. Mwishowe tukampeleka na lori la samaki — jeneza juu ya barafu, sisi pembeni. Tulifika tunanuka sangara. Watu walitupa pole huku wamegeuza pua. Mpaka leo wanatusema.

Kwa hiyo Ogweno anachagua gari la kunipeleka mimi. Gari langu! Hela yangu! Na mimi nipo, nasimama, nakula, naenda chooni mwenyewe. Ana haraka gani huyu? Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwambia Akelo alichofanya Ogweno. Nilitaka akasirike. Nilitaka akamtukane shemeji yake mpaka Kirumba nzima isikie. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza, taratibu kabisa: ile ndefu, viti vya nyuma vinalala vyote au kimoja?

Nimeumia. Ogweno ni mjinga, nimemzoea. Lakini huyu ananikoroga uji, ananiosha mgongo, na huku moyoni ameshanipakia.

Nikamwuliza kama nguo za msiba ameshashonesha. Nilisema makusudi, nikamwangalia machozi yanavyomtoka, na nikaona raha. Akasema, "Baba Sharon, sitaki unuke samaki." Uji wa jioni nimeumwaga mbele yake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimenunua. Fupi!

Nyekundu, milango mitatu. Huko nyuma hata gunia la mkaa halilali. Inatoa moshi wa bluu, inakula oili. Nkwabi mwenyewe, mwizi wa mchana, alinivuta pembeni: "Bosi, hii gali itakusumbua. Chukua ile ndefu, nakuapia." Dalali kaona huruma! Nikamwambia najua, lete ufunguo.

Ogweno aliizunguka kama kuku anayetafuta mlango wa banda. Kafungua nyuma, kaingiza mkono, kafunga. Nikamwuliza, vipi mdogo wangu, hii huilalii? Uso wake! Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikakaa chini nimeegemea tairi. Hakuninyanyua. Nkwabi ndiye aliyeninyanyua.

Gari nzuri naijua. Wazungu wa Geita hawatakodi hili, hilo pia nalijua. Lakini Ogweno na Akelo wajue kwamba lao nimelijua. Wakitaka, wanikunje.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi gari halikuwaka. Sikushangaa. Sikumwambia mtu.

Mchana Ogweno kaja na fundi Luhaga wa Mirongo na keria ya chuma ya kufunga juu ya gari. Imechomelewa jana, rangi bado mbichi. Ndefu kuliko paa lenyewe! Nikauliza ya nini. "Ya mizigo, kaka. Wazungu wana mizigo mingi." Amelisema hilo ameniangalia usoni, bila aibu. Akelo alikuwa mlangoni na beseni, hakuinua macho. Kumbe alijua. Walishapanga wawili hawa, nikiwa nimelala.

Nilitaka kumfukuza na chuma chake. Kikatoka kikohozi tu.

Luhaga ni mtu wa adabu, hawajamwambia kitu. Kapanda juu na spana, kisha akageuka: "Samahani mzee, hapa juu patakaa mzigo wa uzito gani? Nijue bolti za kuweka, isije ikaanguka njiani." Ogweno akatazama barabarani. Luhaga akauliza tena, safari hii akimwuliza Akelo. Akelo akatazama beseni.

Nikasema subiri. Nimeingia ndani, nimekaa kitandani, naandika.

Kliniki wananipima uzito kila Ijumaa. Kadi hii hapa. Namba inashuka tu, ya Ijumaa iliyopita sasa itakuwa uongo. Nimekaa ghalani maisha yangu yote na sijawahi kutoa uzito wa kubuni. Akelo ananiita huko nje — baba Sharon, fundi anasubiri! Nimeanza kujumlisha. Mimi si mzito tena. Lakini kuna ubao wa jeneza. Mninga ni mzito, mpaini ni mwepesi. Hawajaniambia ni upi.