Baba, Nakijwa Ameapa Kwingine

Suji, Jumatatu, 8 Julai. Ukungu mpaka saa tatu asubuhi, manyunyu, kisha jua dogo lisiloweza kukausha nguo.

Baba, shikamoo.

Najua huitikii, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Kaburi lako limeshasakafiwa. Baba mdogo alimsimamia fundi, na mimi nilimsimamia baba mdogo, maana tangu uondoke simwachii jambo akiwa peke yake. Nakijwa alikuja kutoka Marekani kwa ajili ya kazi hiyo, pamoja na binti yake Neema. Wameondoka leo asubuhi. Mdogo wangu hakuniaga vizuri, Baba. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kushuku tangu pale uwanja wa ndege. Watanzania walitoka, wakapokewa, wakaondoka. Wazungu wakaanza kutoka na mabegi yao ya kupandia mlima, na Nakijwa akatoka nao, nyuma kabisa, kamshika Neema mkono. Nikamuuliza nini kilimchelewesha. "Foleni, dada." Foleni ipi, na watu wa kwetu walishakwisha? Pale Same mjini, tulipobadili gari ili tupande huku, alisalimia kila mtu kwa Chasu, lugha yetu, akataniana na mama muuza ndizi kama mtu ambaye hajawahi kuondoka. Hilo nalo nililishuku. Mtu hajitahidi hivyo kuwa wa kwao kama hana anachoficha.

Unakumbuka ulivyoagiza mbele ya ukoo: shamba la chini, lile linalopata maji ya ndiva, bwawa letu, tugawane mimi na Nakijwa. Baba mdogo hakupinga ukiwa hai. Sasa anapita kwa wazee mmoja mmoja akisema zamu ya maji haiwezi kuwa ya mtu aliye ng'ambo, asiyesikia hata baragumu la kuitia watu kazi ya pamoja ya msaragambo. Anajua pa kugusa. Bwawa letu linazolewa tope na wenye majembe, na nyumba isiyotoa mtu siku ya msaragambo hukosa zamu. Mpaka sasa nimekuwa nikitoka mimi kwa nyumba yako nzima.

Siku ya tatu tulikuwa tunakula makande, baba mdogo akamgeukia Neema.

"Haya mjukuu wangu, shuleni kwenu asubuhi mnaimba nini?"

"Hatuimbi, babu. Wanasimama, wanaweka mkono hapa, wanasema kiapo cha bendera. Mimi nakaa."

"Unaumwa miguu?"

"Hapana. Mama alimwambia mwalimu ni dini yetu."

"Dini yetu ipi hiyo, mimi mzee wa kanisa nisiyoijua?" Watu wakacheka. "Mtoto anaikalia bendera ya nchi iliyomzaa. Hii ya kwetu si ataianikia maharage?"

Nakijwa hakucheka. Aliomba maji ya kunawa na hali sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Kesho yake nilimchukua tukakate majani ya ng'ombe, mbali na masikio ya baba mdogo. Nikamuuliza kama wamebadili kanisa. Akasema hapana. Nikamuuliza kiapo chenyewe kinasemaje, akanieleza, na kumbe Mungu ametajwa humo humo. Hapo nikazidi kushuku. Ni dini gani ya kwetu inayomkataza mtoto kumtaja Mungu?

Akakaa chini kwenye majani yenye umande. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe ameshaapa.

Ilikuwa ndani ya ukumbi, Baba, na watu wa kila nchi, mikono juu. Katika maneno ya kiapo cha uraia kuna mahali unaikana nchi uliyotoka. "Niliyasema yote, dada. Nilipofika pale pa kukana, nilimwona Baba amesimama mstarini ananitazama." Nilimuuliza nani alimlazimisha. Akasema hofu. Neema ni wa kule kwa kuzaliwa, yeye alikuwa wa kibali, na siku wakimrudisha, mtoto angebaki na nani? Lakini baada ya siku ile hakuweza kuvumilia kumsikia binti yake akiapa kila asubuhi kama anayepiga mswaki. Akamwambia akae, mpaka atakapokuwa na akili ya kujua anaapa nini. Mwalimu alipouliza sababu, akasema dini. Mahakama zao zilishaamua zamani kwamba mtoto halazimishwi, awe na dini au asiwe nayo. Angeweza asitoe sababu yoyote. Alitoa ile ambayo hakuna mtu angeichimba.

Nikamwambia, "Umemsingizia Mungu."

Baba, nilipomaliza kutamka nilijua nimetumia mdomo wako. Wale watoto wawili wa fundi wa mabati, uliwakumbuka hata ukiwa hoi kitandani. Walikuwa wanasimama mstarini kimya wenzao wakiimba wimbo wa taifa, wakisema dini yao inawakataza. Ukiwa mwalimu mkuu ulisema, "Hawa wanamsingizia Mungu," ukawarudisha nyumbani, hawakuonekana tena. Jioni ile mama alikutengea chakula, hukugusa. Sikuwahi kukuuliza ulikuwa unafikiri nini. Sasa mjukuu wako anakaa darasani kwa neno lile lile, na hakuna anayemfukuza. Kwanza nilidhani ni nchi isiyojali. Sina uhakika tena. Labda inajali vingine.

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi. Baba mdogo hakuzunguka, alinigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye mkubwa, na huna mchezo na ukweli. Tuambie. Mdogo wako ni raia wa wapi?"

Nakijwa alinitazama. Nilipiga hesabu zangu haraka. Sheria ninavyoijua, asiye raia hamiliki ardhi. Nimesikia redioni kwamba walio nje wanatafutiwa hadhi maalumu, lakini redio haiwezi kukaa kikaoni ikanitetea. Nikidanganya, baba mdogo atafuatilia mpaka wilayani, na siku akiupata ukweli atachukua sehemu ya Nakijwa kwa sheria, na uongo wangu atautumia kunikalisha kimya. Kwa hiyo nikasema, "Ni raia wa Marekani. Na kwa kuwa hawezi kumiliki, sehemu yake iwe kwa jina langu, leo, mbele yenu."

Wazee wakakubali. Nilifurahi, Baba, nikageuka ili nishangilie na mdogo wangu, nikakuta kiti kitupu.

Nilimkuta nyuma ya jiko. Aliniambia neno moja: "Kumbe uliniuliza kwa ajili hiyo."

Nilimweleza yote, hofu yangu na hesabu zangu. Akaitikia "sawa, dada" kama anavyoitikiwa karani. Tangu pale tukaongea habari za mabegi na gari tu.

Nimejihoji kama ninavyowahoji wengine. Niliamini kabisa kwamba ninalinda agizo lako. Lakini nilipotamka "jina langu" sauti haikutetemeka hata kidogo, wala sikumtazama kwanza yeye kumwomba ruhusa. Baba mdogo alitaka shamba hilo akalikosa, nami nimelipata. Mtu wa nje akitazama ataona tofauti gani?

Basi hili nakuahidi. Msaragambo ukiitwa nitatoka kwa sehemu yangu, kisha nitamwomba msimamizi anipe kazi nyingine ya sehemu ya Nakijwa, na jina lake liitwe kwa sauti pale bwawani, baba mdogo akiwepo. Maji ya zamu yake yataingia shambani kwake. Neema akija akiwa mtu mzima, awe ameapa huko au bado anakaa, nitamwonyesha mpaka wa mama yake na kuhama mimi upande huo. Nakijwa nitamwandikia haya haya. Asiponiamini, nitaendelea kuzoa tope.

Pumzika, Baba. Msalimie mama.

Nalala saa sita kasoro robo. Simu iko kwenye chaji, sauti juu. Nakijwa hajapiga.