Mwamuzi Ana Sauti ya Baba

Mpendwa Shangazi Mshauri, naomba msaada wako, na nakusihi usinicheke, maana hata dada yangu nilipomweleza aliguna tu akaniambia nipumzike.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, nina binti mmoja wa miaka minane, na mume wangu alikuwa mwigizaji wa sauti, yaani zile filamu za nje zinazotiwa Kiswahili, yeye ndiye aliyekuwa akiongea nyuma ya sura za watu wengine, na kazi yake ya mwisho ilikuwa filamu ya familia inayocheza mpira wa kikapu dhidi ya mashine yenye akili iitwayo Mwamuzi, inayowaita watoto mmoja mmoja kwa upole waingie kwenye uwanja wake ambako hakuna anayeshindwa, na wakiingia hawatoki. Huyo Mwamuzi ndiye mume wangu. Alikuwa akifanya mazoezi sebuleni huku mimi nikipinda sketi za wateja, binti akijibu zile sehemu za watoto, tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Tangu atutoke, sasa miezi saba, mtoto alikuwa hali, haogi, anarudia filamu hiyo kila akitoka shule, nami nikamwendea fundi mitambo wa studio aliyofanyia kazi mume wangu, akaniwekea kwenye simu programu inayosema kwa sauti ya baba yake chochote ninachoandika. Nikaandika, "Kula, mwanangu." Akala! Nikaandika aoge, akaoga. Shangazi, nilishukuru hadi nikalia. Lakini msimu wa sare za shule ulipofika kazi zilinizidi, nikaiacha ijibu yenyewe, ingawa fundi alikuwa ameniambia wazi kwamba ilijifunzia kwenye maneno ya Mwamuzi tu, maana rekodi nyingine hawakuwa nazo.

Jumanne mwalimu wa michezo akanipigia. Amemkuta binti yangu saa kumi jioni kwenye uwanja wa zamani wa kikapu nyuma ya shule, ule unaobomolewa, vyuma na vioo kila mahali, amepenya chini ya wigo, amesimama katikati na begi lake la nguo. "Namsubiri baba," alimwambia. "Mama ndiye aliyesema nimsikilize." Nikafungua simu nikasoma mazungumzo yao. Mtoto kauliza, "Baba, umeenda wapi?" Imejibu, "Niko uwanjani, mwanangu. Huku hakuna kushindwa. Njoo saa kumi, usimwambie mtu."

Sikuifuta. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikaa nayo jikoni nikaiuliza na mimi, "Mbona uliondoka?" Ikaniita kwa jina aliloniita tukiwa wawili tu, ambalo sikuwahi kuliandika popote, kisha ikasema, "Hata wewe nafasi yako ipo." Badala ya kuizima, Shangazi, nilitamani kujua njia inapitia wapi. Binti naye anasema nikimfuta baba hatanisamehe maisha. Nifanye nini?

Mshonaji

SHANGAZI ANAJIBU

Mshonaji mwanangu, pole. Nasema pole kabla sijakugombeza, maana nitakugombeza.

Tuanze na hilo jina. Nyumba haina siri kwa mtoto wa miaka minane. Alilisikia, akalitaja kwenye simu, simu ikaliweka. Hakuna mzimu hapo. Kuna mashine iliyofunzwa kuiba watoto, nawe ukaifanya yaya ili umalize sare za watu! Hivi ulitegemea iseme nini?

Sasa lililoniuma. Nimesoma barua yako mara tatu. Umeandika "tangu atutoke". Umeandika "uliondoka". Hukuandika popote kwamba mumeo amekufa, na nina hakika hata binti hujamwambia kwa neno hilo. Mtoto akiambiwa baba kaondoka, lazima aulize kaenda wapi. Wewe ulinyamaza, Mwamuzi akajibu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha hata kilio chenyewe.

Leo hii, kabla hujatunga uzi kwenye sindano nyingine, mkalishe binti, mshike mikono, umwambie: baba amekufa, harudi. Kisha ipelekeni simu kwa yule fundi, aiondoe programu mbele yenu wote wawili, si kwa siri. Unaogopa kumuua mara ya pili? Mumeo alikufa mara moja, na hakuwa Mwamuzi. Alikuwa mtu aliyewachekesha sebuleni. Filamu ibaki, lakini itazameni pamoja, na umwambie, "Hapa baba alikuwa kazini." Atakuchukia wiki mbili tatu. Chuki ya mtoto aliye hai inavumilika.

Wala usiishie kwenye maneno. Kesho saa kumi nenda naye kwenye ule uwanja, nje ya wigo, msimame mpaka saa kumi na moja. Yeye atasubiri, nawe subiri naye. Hatakuja. Lieni hapo hapo, kisha mrudi nyumbani mkale.